Gemu nimelilipia, mbona linanigomea?

"Shikamoo mtaalamu. Mimi ni mwanafunzi wa chuo, nipo Morogoro. Nilijichanga kwa miezi kadhaa nikanunua gemu moja kubwa kwenye duka la mtandaoni la Steam kwa kadi ya mtandaoni, mara yangu ya kwanza kulipia gemu maishani. Lilicheza vizuri. Baadaye laptopu ikawa nzito, nikaipeleka kwa fundi aniwekee diski ya kasi (SSD) na kuongeza kumbukumbu (RAM). Fundi akaweka Windows 10, draiva, zile programu za kuendesha vifaa, zikasumbua, akaweka 11, akarudi tena 10, na kila mara alifungua lile gemu kuona kama linakwenda. Jioni likaja tangazo kwamba limeamilishwa kwenye kompyuta nyingi mno, nisubiri saa 24. Kesho yake likafunguka. Nikaenda kijijini likizo, umeme ukakatika siku mbili, laptopu ikaisha chaji kabisa. Nilipoiwasha gemu likasema linahitaji mtandao. Nikawasha hotspoti ya simu, bando lipo, bado likagoma. Hata tovuti nyingine zikawa zinaandika kwamba muunganisho si salama. Rafiki yangu ana gemu hilohilo la kuchakachuliwa, anacheza bila bando wala bughudha, na anasema lake ni jepesi kuliko langu. Fundi naye ananiambia ulinzi wa gemu hilo unakula SSD. Je, nimeshawekwa kwenye orodha ya wezi? Kompyuta yangu inaharibiwa? Niweke kraki ya kuvunja ulinzi huo, maana nimeshalipa? Na kampuni ikifunga, pesa yangu ndiyo imekwenda?"

Marahaba, na pole kwa likizo iliyoharibika. Nianze na ya kukutuliza: hujawekwa kwenye orodha yoyote ya wezi, akaunti yako ni salama, na SSD yako hailiwi. Ulichokutana nacho ni matatizo mawili yaliyofuatana kwa karibu hadi yakaonekana moja. La kwanza lilitokea mezani kwa fundi. La pili lilitokea kijijini, na kwa maelezo yako nashuku betri ndogo ya duara iliyomo ndani ya laptopu. Swali lako la mwisho, lile la kampuni kufunga, ndilo ambalo siwezi kukutuliza nalo sana, na nitalifikia.

Gemu kubwa ukilinunua Steam, mara nyingi lina milango miwili. Wa kwanza ni wa Steam yenyewe, unaoangalia kama akaunti yako ina leseni ya gemu hilo. Huo haujali sana unatumia kompyuta gani. Wa pili huwekwa na mchapishaji wa gemu, na unaojulikana zaidi siku hizi ni Denuvo, kazi ya kampuni iliyoanzia Salzburg, Austria. Gemu la kwanza kutoka nao lilikuwa FIFA 15, mwaka 2014, na tangu 2018 kampuni hiyo iko chini ya kampuni nyingine, Irdeto. Tangazo la kusubiri saa 24 linanifanya niamini gemu lako lina kufuli la aina hiyo. Thibitisha mwenyewe: fungua ukurasa wa gemu dukani Steam, teremka upande wa kulia, chini ya orodha ya sifa zake. Kama kufuli lipo, pameandikwa jina lake, na kwa kawaida pia kikomo cha kompyuta 5 tofauti ndani ya siku moja. Ni maandishi madogo ambayo watu wengi hawayaoni hadi siku ya siku.

Unapofungua gemu mara ya kwanza, kufuli hukusanya alama za kompyuta yako: aina ya prosesa, mfumo endeshi, na mambo mengine ambayo wenyewe hawayataji yote hadharani. Alama hizo hutumwa kwenye seva, yaani kompyuta za kampuni zilizo mtandaoni. Seva ikishathibitisha kwamba akaunti imelipa, inarudisha faili dogo la kibali lililotengenezwa kwa ajili ya alama hizo tu. Baada ya hapo, kila unapolifungua gemu, baadhi ya hesabu muhimu ndani yake huhitaji namba zilizomo kwenye kibali pamoja na namba zinazosomwa papo hapo kutoka kwenye mashine. Zikioana, gemu linaendelea bila kuuliza mtandao. Zisipooana, kibali hakina kazi, na gemu linaomba kingine.

Kwa hiyo kufuli halikujui wewe. Linaijua mashine. Ni kama mlinzi wa getini anayekutambua kwa shati, siku ukibadilisha shati wewe ni mgeni, hata kama nyumba ni yako. Fundi wako, bila nia mbaya, alikubadilisha shati mchana kutwa: Windows 10, SSD mpya, Windows 11, RAM nyingine, Windows 10 tena, na kila badiliko alifungua gemu. Kwa seva ile, akaunti yako ilikuwa inaonekana kwenye kompyuta mpya kila baada ya saa moja, jambo ambalo hata mtu anayewagawia wenzake akaunti angelifanya. Ikafunga geti kwa siku moja, basi. Hakuna binadamu aliyekutilia shaka na hakuna alama mbaya iliyobaki.

Wala usidhani ni mafundi wa mitaani tu wanaokutwa na haya. Mwaka 2021 Intel ilipotoa prosesa za kizazi cha 12, zenye viini vya kufanyia hesabu, vikubwa na vidogo, ndani ya kipande kimoja, makumi ya magemu yaligoma au kuzimika ghafla kwenye kompyuta mpya kabisa. Kufuli lilikuwa likiona viini vidogo linadhani ni kompyuta nyingine. Intel ikabidi iweke njia ya muda: mtumiaji aende kwenye BIOS, mipangilio ya msingi ya kompyuta, awashe hali maalumu ya magemu ya zamani, kisha abonyeze kitufe cha Scroll Lock ili viini vidogo vitulie wakati wa kucheza. Fikiria mtu aliyenunua prosesa mpya na gemu halali, anaambiwa abonyeze kitufe ambacho hajawahi kukigusa ili aruhusiwe kutumia vyote viwili.

Sasa twende kijijini. Umeniambia mambo mawili ambayo wewe hukuyapa uzito: laptopu iliisha chaji kabisa, na tovuti nyingine nazo zilidai muunganisho si salama. Tazama saa iliyo pembeni mwa skrini, chini kulia, na tazama tarehe pia, hasa mwaka. Nitashangaa kama iko sawa. Ndani ya laptopu nyingi kuna betri ndogo inayoishikilia saa wakati umeme wote umeisha. Inapochoka, au fundi asipoirudisha vizuri waya wake baada ya kufungua mashine, saa hurudi nyuma miaka kadhaa mara chaji kuu inapokwisha. Na mawasiliano yote salama ya intaneti hutegemea vyeti vyenye tarehe ya kuanza na tarehe ya kuisha. Kompyuta inayoamini iko mwaka 2018 inakiona cheti cha mwaka huu ni cha wakati ambao haujafika, inakikataa. Kivinjari kinakuonya kwa maneno marefu, gemu linasema tu kwamba hakuna mtandao. Bando lako lilikuwa zima. Rekebisha tarehe, saa na ukanda wa saa kwa mkono, zima na uwashe Steam, jaribu tena.

Ukirekebisha saa na gemu bado likaomba mtandao mara moja, lipe. Kuamilisha kwenyewe hutumia data kidogo sana, kinachomaliza bando ni masasisho. Na hapo ndipo watu wengi wanaosafiri hunaswa: Steam inapakua sasisho la gemu usiku wa kuamkia safari, faili kuu la gemu linabadilika, kibali cha zamani hakioani nalo tena, na mtu anaondoka bila kulifungua hata mara moja. Kabla ya kwenda mahali pasipo na mtandao, maliza masasisho yote, fungua gemu hadi ufike unapocheza kabisa, lifunge, kisha iweke Steam katika hali ya nje ya mtandao ukiwa bado mjini. Baadhi ya wachapishaji huweka pia muda wa kibali kuisha, kwa hiyo hata hilo halikuhakikishii miezi mitatu.

Kuhusu SSD, fundi wako anarudia uvumi wa tangu 2014, kufuli hili lilipokuwa geni. Watu walidai linaandika na kufuta data kwenye diski bila kupumzika. Kampuni ilikanusha, na namna kufuli linavyofanya kazi haihitaji hivyo: hesabu zake hufanyika kwenye prosesa na kwenye RAM, na kibali ni faili dogo linaloandikwa mara moja moja. SSD yako itachoshwa zaidi na kupakua na kufuta magemu ya gigabaiti mia kuliko na kufuli hilo.

Lakini siwezi kuwasafisha watengenezaji wa makufuli kwa historia yao yote. Miaka ya 2000 kulikuwa na StarForce, kufuli la Kirusi lililojipachika ndani kabisa ya Windows kama draiva, likabaki humo hata baada ya gemu kufutwa. Malalamiko yalizidi hadi mchapishaji mkubwa wa magemu, Ubisoft, akaachana nalo mwaka 2006. Kulikuwa na SafeDisc, ambalo draiva yake ilikuja kugundulika ina tundu la usalama. Microsoft ilipotoa Windows 10 mwaka 2015 haikuliruhusu kufanya kazi, na mwaka huohuo sasisho la usalama likalizima kwenye matoleo ya nyuma pia. Ilikuwa sahihi kwa usalama. Ila mtu mwenye diski yake halisi, kasha lake na kijitabu chake, akawa na gemu lisilofunguka. Hakuwa amefanya kosa lolote isipokuwa kununua.

Rafiki yako anaposema gemu lake ni jepesi, usimbishie moja kwa moja. Ili kuwachanganya wavunjaji, kufuli huchukua vipande vya programu na kuvigeuza kuwa maagizo ya siri ambayo lazima yafasiriwe hatua kwa hatua yanapoendeshwa. Kipande kilichogeuzwa hivyo huenda polepole kuliko cha kawaida, hilo halina ubishi. Kinachoamua kama utaliona ni mahali kilipowekwa. Kikiwa kwenye menyu au wakati wa kufungua hatua mpya, hulihisi. Kikiwa kwenye jambo linalotokea mara kwa mara katikati ya mapambano, gemu linakwama-kwama. Mfano uliothibitika ni Resident Evil Village ya mwaka 2021: waliolinunua kwa ajili ya kompyuta waliona picha zikikwama hasa walipompiga adui risasi, na kopi iliyovunjwa ilipotoka haikuwa na kasoro hiyo. Capcom, wenye gemu hilo, ilitoa sasisho mwezi Julai mwaka huohuo, na katika maelezo yake ikakubali kwamba imerekebisha teknolojia ya kuzuia uharamia. Gemu lile lilikuwa na Denuvo pamoja na kinga ya Capcom yenyewe, kwa hiyo mzigo wote usiubebeshe mmoja. Ila aliyelipa alipata kilicho duni kuliko aliyeiba, na akasubiri zaidi ya miezi miwili kurekebishiwa. Hapo sitamung'unya maneno: ni aibu.

Hata hivyo magemu mengi yamepimwa kabla na baada ya kuondolewa kufuli, na tofauti ikawa ndogo au haikuonekana kabisa. Laptopu yako ilikuwa nzito kabla ya SSD na RAM, sivyo? Basi kwanza angalia joto, vumbi kwenye feni, na kama kweli inatumia kadi ya michoro badala ya ile iliyo ndani ya prosesa. Mashine ya rafiki yako huenda ni bora tu.

Tufike kwenye kraki. Nakuelewa kabisa: umelipa, unataka ulichokilipia, na mtu ambaye hakulipa anacheza. Hasira yako ni ya haki. Lakini nakuomba usiweke, na sababu yangu ya kwanza ni akaunti zako, kabla hata ya sheria. Kraki ni programu iliyotengenezwa na mtu usiyemjua, inayokuomba uzime antivairasi kabla ya kuifungua. Mwaka 2021 Avast, kampuni ya antivairasi, walieleza kuhusu programu haribifu waliyoiita Crackonosh, iliyofichwa ndani ya kopi za kuchakachuliwa za magemu maarufu kama Grand Theft Auto V na NBA 2K19. Ilikuwa inaiwasha kompyuta katika hali salama ambako antivairasi haifanyi kazi, inaifuta, inazima masasisho ya Windows, kisha inaitumia mashine kuchimba sarafu ya kidijitali ya Monero kwa faida ya wengine. Kompyuta zaidi ya 222,000 ziliambukizwa, na waliopanga walijipatia zaidi ya dola milioni 2. Aliyeambukizwa aliona tu laptopu inapiga kelele na umeme unakwenda. Wewe una akaunti ya Steam, barua pepe, kadi ya mtandaoni na kazi zako za chuo kwenye mashine hiyohiyo.

Kisheria pia, kulipia gemu hakukupi ruhusa ya kuvunja kufuli lake. Marekani ilipiga marufuku kuvunja kinga za namna hiyo tangu sheria ya 1998. Mwaka 2015 ndipo ulipotolewa msamaha mdogo kwa magemu ambayo seva zake za uthibitisho zimezimwa moja kwa moja, tena kwa kucheza binafsi. Na ukiingia kwenye mechi za mtandaoni na faili lililochezewa, unaweza kufungiwa akaunti, na hapo kweli utakuwa umepoteza ulichonunua.

Kwa nini basi kampuni zinang'ang'ania? Niwe mkweli kwa pande zote mbili, kwa sababu utasikia watu wakisema kufuli halimzuii mwizi hata mmoja, na hilo si kweli. Utafiti uliochapishwa mwaka 2024 na mtafiti wa Chuo Kikuu cha North Carolina, Marekani, uliangalia magemu 86 yaliyokuwa na Denuvo kati ya 2014 na 2022. Gemu lililovunjwa ndani ya wiki ya kwanza lilipoteza kwa wastani takriban asilimia 20 ya mapato. Kwa studio iliyokopa ili kumaliza gemu, hiyo ni mishahara ya watu. Lakini utafiti huohuo ulionyesha kwamba gemu likivunjwa baada ya wiki 12 hasara inakuwa karibu na sifuri, kwa sababu waliotaka kununua kwa bei kamili wameshanunua.

Nadhani hapo ndipo pa kuwahukumu wachapishaji. Wiki kumi na mbili za kwanza nawaelewa. Baada ya hapo kufuli halimzuii tena mwizi wa maana, linabaki kumsumbua mtu kama wewe: anayebadilisha SSD, anayekaa mahali umeme unapokatika, anayenunua bando kwa siku. Wapo wachapishaji wanaolielewa hili. Doom ya mwaka 2016 ilitoka na Denuvo mwezi Mei, na Desemba mwaka huohuo ikaondolewa kwa sasisho. Siku hizi si ajabu kuona gemu linaondolewa kufuli baada ya miezi kadhaa, bila tangazo kubwa. Wengine huliacha miaka na miaka, na hao ndio ninaoona wanakosea.

Halafu kuna kosa la pili, la kumwekea mteja kikomo cha maisha. Mwaka 2008 kampuni ya EA ilitoa gemu la Spore kwa sharti kwamba inaweza kuamilishwa mara 3 tu, baada ya hapo uombe ruhusa kwa simu. Gemu lilikuwa limeshavuja kwa maharamia kabla hata ya siku ya kutoka, na wao hawakuwa na kikomo. Wanunuzi walilijaza Amazon maoni ya nyota moja, kesi ikafunguliwa, kampuni ikapandisha kikomo hadi 5. Mwaka 2010 Ubisoft ikaja na sharti la kuwa mtandaoni muda wote hata unapocheza peke yako katika Assassin's Creed II. Mwezi Machi seva zao zikashambuliwa, na wenye kopi halali wakakaa saa nyingi wakitazama tangazo la kukosa muunganisho. Kikomo chako cha leo, kompyuta 5 kwa siku kisha kinajifuta, ni nafuu kubwa ukilinganisha na hayo. Nafuu hiyo ililetwa na kelele za wateja.

Sasa swali lako la nne. Ndiyo, hatari hiyo ipo, na usiipuuze. Kibali chako kinatoka kwenye seva ya mtu, na seva huhitaji kulipiwa, kusimamiwa na kukumbukwa. Novemba 2021 jina la tovuti lililotumiwa na Denuvo liliisha muda bila kulipiwa upya, na kwa saa kadhaa magemu mapya ya kampuni mbalimbali hayakufunguka kwa waliohitaji kibali. Januari 2009 toleo la kompyuta la Gears of War liliacha kufunguka duniani kote kwa sababu cheti chake cha kidijitali kiliisha tarehe 28. Wachezaji walilazimika kuirudisha nyuma saa ya kompyuta ili wacheze, kinyume kabisa cha ninachokuambia wewe ufanye. Haya ni ya usahaulifu tu, kampuni zikiwa hai na zenye pesa.

La makusudi ni zito zaidi. The Crew, gemu la magari la Ubisoft la mwaka 2014, lilihitaji seva hata kwa kuendesha peke yako. Tarehe 31 Machi 2024 seva zilizimwa, na wiki chache baadaye wanunuzi wakakuta leseni zenyewe zimeondolewa kwenye akaunti zao. Hapo ndipo lilipozaliwa vuguvugu la Stop Killing Games, ambalo ombi lake kwa Umoja wa Ulaya lilipita saini milioni 1 mwezi Julai 2025. Wanachotaka ni kidogo: kampuni ikizima seva, iache gemu katika hali ya kuchezeka. California nayo, kuanzia Januari 2025, inalazimisha maduka ya kidijitali kumwambia mteja waziwazi kwamba anapewa leseni. Ndiyo maana unapolipia Steam unaona maneno hayo karibu na kitufe cha kulipa. Hatua hizi hazikukusudiwa mnunuzi wa Morogoro, ila maduka haya ni yaleyale dunia nzima, na shinikizo la huko linakufikia.

Kwa hili ulilonalo, kudai pesa huenda umechelewa. Steam hurudisha bila maswali ndani ya siku 14 za kununua ikiwa hujacheza zaidi ya saa 2. Ukizidi hapo unaweza kuomba na kueleza, lakini usiweke matumaini makubwa. Itumie sheria hiyo kwa ununuzi unaofuata: siku ya kwanza tu, ndani ya saa hizo 2, zima mtandao, lifungue gemu, uone linafanyaje. Likigoma na hali yako ni ya bando la siku, rudisha.

Kabla ya kununua, soma yale maandishi madogo ya upande wa kulia. Ukikuta kufuli, jiulize kama unaweza kusubiri. Ukisubiri mwaka, bei imeshuka, kasoro zimerekebishwa, na huenda kufuli limeondolewa. Kwa bajeti ya mwanafunzi nadhani hiyo ndiyo njia bora kuliko zote. Njia nyingine ni GOG, duka la Kipolandi lililoanza 2008, linalouza magemu yasiyo na kufuli kabisa. Unapakua faili za kusakinisha mara moja, hata kwa waifai ya chuo, unaziweka kwenye diski ya nje, na utasakinisha kijijini bila kumuomba mtu kibali, leo au miaka kumi ijayo. Magemu mapya makubwa mara nyingi hayafiki huko mapema, na mengine hayafiki kamwe, kwa hiyo si jibu la kila kitu. Lakini kwa mtu anayekaa mbali na mtandao wa uhakika, ningeanza kutafuta huko kwanza.

Gemu likiendelea kugoma baada ya kurekebisha saa na kupita siku nzima bila kubadilisha chochote, usihangaike peke yako. Andikia huduma kwa wateja ya mchapishaji, si Steam peke yake, kwa sababu kibali cha mlango wa pili kinatoka kwa mchapishaji. Weka picha ya tangazo zima la kosa pamoja na namba yake, tarehe uliyobadilisha vifaa, na risiti ya ununuzi iliyopo kwenye barua pepe yako. Taja waziwazi kwamba fundi alisakinisha Windows mara kadhaa siku moja. Usimpe mtu yeyote nenosiri lako, hata akijiita wa huduma kwa wateja.

Laptopu yenyewe irudishe kwa fundi kama saa inarudi nyuma kila chaji ikiisha, na mwambie aangalie ile betri ndogo na waya wake. Ni kazi nyepesi na betri si ghali. Ipeleke haraka zaidi ikiwa skrini inageuka bluu na mashine kujizima hata nje ya gemu, maana hapo nashuku RAM mpya haikukaa vizuri au haiendani na ya zamani. Na kama tayari ulijaribu kraki kabla ya kuniandikia, ukaona antivairasi imetoweka au feni inavuma laptopu ikiwa haifanyi kitu, itenge na mtandao. Badilisha manenosiri ukitumia simu, simamisha kadi yako kwanza, kisha mpe fundi aifute yote na kuweka Windows upya. Safari hii mwombe asilifungue gemu hadi amalize kila kitu, alifungue mara moja tu, mwishoni, ukiwa umesimama naye.